Kampeni ya Ndeshi

Kanana hajaingiza gari barabara kuu, Ndeshi ameshapiga simu ya pili. Grand Prairie ndiyo kwanza kunapambazuka, lakini kule kaskazini mwa Uingereza watu walikuwa mezani wakila chakula cha mchana, na Ndeshi alijua wakati wa kuwapata.

"Shikamoo shangazi. Ni Ndeshi, mke wa Faustine. Ndiyo, bado niko Texas. Nakupigia kwa habari ya kura."

Kisha, kama kawaida yake, akahamia Kichaga. Kanana, Mmeru wa Kenya asiyejua hata neno moja la lugha hiyo, akabaki na usukani wake.

Walikuwa wauguzi wa wodi moja, na kila asubuhi walikwenda kazini pamoja. Kanana alikijua kisa chote. Miaka mitatu nyuma Ndeshi alipata kazi Texas, akatangulia na binti yao, Precious. Faustine, aliyebaki Uingereza, angefuata baada ya miezi michache. Makaratasi yake yalikuwa tayari zamani, ila kwanza palikuwa na mafunzo ya kumalizia kazini, halafu nyumba ya kuuza, halafu vijana aliokuwa akiwafundisha mpira, ambao hawezi kuwaacha katikati ya msimu. Sasa alikuwa anagombea udiwani katika baraza la jiji, na vipeperushi vyake vilimwonyesha akitabasamu kando ya shimo la barabarani.

Kanana alimpachika jina la Mheshimiwa. Alimtania Ndeshi kwamba bwanake akishinda, atawasahau wao wa kubadilisha mashuka ya wagonjwa. Ndeshi alicheka kidogo, akatafuta namba nyingine.

Yale ya Kiswahili Kanana aliyasikia: kwamba Mtanzania anayeishi kule ana haki ya kupiga kura hata kama hana uraia, kwamba kata ile huamuliwa kwa kura chache sana, kwamba mvua isiwe kisingizio. Ya Kichaga ndiyo yalikuwa marefu. Wakati mwingine sauti ya Ndeshi ilikwama, akafuta macho kwa kiganja, na aliyekuwa upande wa pili akasikika akimtuliza kama anayemwahidi jambo.

Moyo wa Kanana uliguswa. Mume wake mwenyewe, Mogaka, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, hakujua hata zamu zake za wiki. Kanisani kwao Mansfield, jirani na Grand Prairie, akina mama walishamtaja Ndeshi mbele ya mabinti kama mfano wa mke anayesimama na mumewe hata bahari ikiwa katikati. Ndeshi aliinamisha uso, akaangalia viatu vyake.

Jumapili moja, Kanana akiwa nyumbani kwa Ndeshi, Faustine alipiga simu ya video. Precious akamuuliza kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yake, iwapo atakuja kumwona akiimba shuleni. Baba mtu akasema wataona baada ya uchaguzi. Ndeshi akaichukua simu, akamtakia mumewe kila la heri, akamhimiza avae koti zito anapopita nyumba kwa nyumba.

Kanana alitoka pale ameazimia kusaidia. Alikuwa na binamu yake, Kathure, aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kwenye kata ileile, akaishi hapohapo, kama Wakenya wenzake waliojaa pale kazini. Alimpigia, akamwambia watoke wote, mmoja wao anagombea. Kanana hakumwambia Ndeshi. Alitaka iwe zawadi ya ushindi.

Matokeo yaliwafikia Ijumaa, wakiwa wameegesha gari hospitalini. Faustine alikuwa ameshindwa kwa kura tisa, na aliyemshinda alikuwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Ndeshi aliusoma ujumbe, akausoma tena, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutetemeka. Kanana akamkumbatia.

Kesho yake alimpelekea chapati na ndengu, kama mtu anayekwenda kuhani msiba. Alimkuta chumbani akiondoa nguo zake katika nusu ya kabati. Ndeshi akamweleza kwamba Faustine alipiga simu asubuhi, amelia, amemshukuru mkewe kwa kampeni yote aliyomfanyia kutoka mbali. Alisema hana tena cha kungojea kule. Ameshaaga kazini na tiketi ameshakata. Mwezi ujao watakwenda kumpokea. Sebuleni Precious alikuwa akirukaruka juu ya makochi, na hakuna aliyemkataza.

Kanana akaketi kitandani. Aliona afadhali aseme, angalau rafiki yake ajue hakuwa peke yake.

"Kuna jambo sikukwambia," alisema. "Binamu yangu anaishi kata hiyo. Nilimpigia simu, akatoka na Wakenya wote wa kazini kwao, wakampigia kura Mheshimiwa. Walikuwa wengi, Ndeshi. Tulijaribu. Pole sana, dada."

Ndeshi aliacha kukunja nguo.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Watu wangu wote waliniapia wamempa kura yule mwalimu, kama nilivyowaomba. Nikawa najiuliza Faustine amekaribia vipi namna ile." Akaketi kando yake, akamshika mkono. "Kanana, rafiki yangu, kidogo tu ungenifungia mume Uingereza miaka minne."