Baruti ya Jumamosi

Mizani ilikuwa tupu, lakini ilisoma chini ya sifuri.

Lina aliifuta, akasubiri, akaitazama tena. Vilevile. Basi kila ganda la risasi alilolijaza asubuhi hii lilikuwa na baruti iliyozidi, na baruti ikizidi, bunduki huweza kumpasukia mpigaji usoni.

Mpigaji mwenyewe ni baba yake, mzee Sulaiman.

Mwaka wa pili huu, kila Jumamosi, Lina alipanda treni hadi kituo cha mwisho, Hjulsta, akateremka kwenye stoo isiyo na dirisha chini ya jengo alimoishi baba yake, akampimia mzee Sulaiman baruti ya bunduki yake ya shabaha. Mbali, mzee aliona kama mwewe. Tarakimu za mizani ndizo zilizomshinda, alisema, hata kwa miwani.

Kila wiki alimletea Lina karatasi ya shabaha, matundu matano yameshikana. "Kazi ya mkono wako, mwanangu. Tuongeze baruti kidogo tu, tuone."

"Tumeongeza mara ngapi, Baba? Tutamaliza lini?"

"Haraka ya nini? Bunduki isije ikapasuka; vidole vyangu kumi nimevizoea."

Huko mji wa Umeå, mbali kaskazini, kazi ilikuwa inamngoja Lina. Alikuwa ameiahirisha mara mbili. Jibu la mwisho lilitakiwa leo. Lakini nani angempimia mzee?

Mapema asubuhi hii hereni yake ndogo ilidondoka. Baba akainama, bila miwani, akaiokota chini ya meza kabla Lina hajajua imeangukia wapi.

"Umekula?" akamuuliza.

"Ja, pappa," Lina akaitikia.

"Mdomo wa Kiswidi, tumbo la Kampala. Ngoja nikuletee chai." Akapanda juu.

Sasa Lina alihesabu nyuma. Mizani aliihamisha Jumamosi iliyopita, kabla ya kuanza kujaza, bila kuirudisha kwenye sifuri. Kwa hiyo hata boksi la risasi la wiki jana lilikuwa hatari, na baada ya saa moja gari la klabu lingekuja kumchukua mzee kwenda kupiga shabaha. Kabati la chuma la risasi, ambalo Baba hulifunga kila mara, leo halikuwa limefungwa, ufunguo ukining'inia. Alivuta mlango.

Boksi la wiki jana lilikuwepo. Nyuma yake kulikuwa na jingine, na jingine, mpaka ukutani. Alifungua moja, akafungua la pili, akafungua la kumi. Yote yalikuwa yamejaa. Hapakupungua hata risasi moja tangu Jumamosi ya kwanza; zile karatasi za shabaha zilitobolewa na risasi za kununua.

Juu ya kila kifuniko palikuwa na tarehe na kipimo, kwa mwandiko wake yeye Lina. Chini yake, kwa penseli, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na mwandiko wa Baba.

"Amekonda."

"Leo amecheka mara mbili."

Na kwenye boksi la wiki jana: "Watu wa Umeå wamempigia tena. Alitaka kuniambia. Nikampa maganda mengine ajaze."