Mtani wa Ukutani

Kila nyumba sasa ina mtani wake ukutani, chombo kidogo kama redio, na sheria inamtaka atutanie habari za mazishi kila Jumapili mpaka tujibu. Mtu akifa, mtani huyo ndiye humwigiza msibani, kama watani wa zamani walivyokuwa wakivaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye.

Jumapili ile nyingine ilikuwa zamu ya mume wangu, Kasanda, na chombo kikamwanza.

"Mtani, hicho kitambi tukizike pamoja na wewe, au tukichimbie shimo lake?"

Kasanda alicheka mpaka akapaliwa. Alipotulia akasema azikwe Urambo, kando ya mama yake, na pilau la matanga lisitiwe viazi. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sikuwahi kumsikia akitaja kaburi.

Jana zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na jibu tayari, kuhusu sanda na kuhusu dada zangu wasiopatana. Mtani akaniuliza tu kama nimekula vizuri.

"Leo hunitanii?" nikamuuliza.

"Pumzika, mama."

Leo nimerudi sokoni mapema. Kabla sijagusa mlango nikasikia sauti yangu ndani, ikitoka ukutani, na ule ukali wangu wa asubuhi.

"Kasanda, viatu vyako tena hapa mlangoni?"

"Naviondoa, Mama Sija," mume wangu akaitika kutoka chumbani.

Nikasikia ndala zake zikija, kisha viatu vikiinuliwa. Mimi nilikuwa bado nje, kapu mkononi.