Rangi Nyekundu ya Mradi

Afisa wa mradi aliliacha gari lake kwenye foleni iliyoganda mbele ya nyumba ya Bi Mwanakombo, akashuka na kopo la rangi nyekundu na brashi. Akachora X kubwa ukutani, chini ya dirisha la chumba ambamo bibi huyo alizalia watoto wake wote. Mwenyewe alikuwa ameketi kibarazani, akimtazama.

"Hapa tunavunja, mama. Patakuwa mlango wa treni ya chini ya ardhi. Foleni itakwisha."

"Utaipanda wewe?"

Afisa akacheka. "Mimi nina gari."

Dereva wa gari la nyuma akatoa kichwa dirishani. "Wapande wengine, bibi, sisi tupate njia."

"Kumbe mnanivunjia nyumba, na treni hampandi."

"Usinipotezee muda, mama. Hama."

Simu ya afisa ikaita, akaweka kopo na brashi kibarazani. Bi Mwanakombo akachovya brashi, akashuka kibarazani taratibu, akachora X kwenye mlango wa gari la afisa.

"We mama, una wazimu?"

"Na hili linaziba njia, baba. Livunjwe."

Afisa akarukia usukani, akawasha gari akimbie. Mbele hapakusogea kitu. Bi Mwanakombo akaketi kibarazani na brashi yake, akaitazama rangi ikichuruzika kwenye mlango wa gari.