Muuaji wa Sura ya Mwisho

"Babu yangu hakumuua yule karani wa mkonge, na wewe Mwanakombo unajua," alisema Bi Tabu, kanga imemteremka begani, na nusu ya mtaa wa Ngamiani vichwa vikiwa madirishani.

"Najua," alijibu Mwanakombo, huku akifuta sinia barazani kwake. "Lakini karani alikufa, na riwaya yangu haiishi bila muuaji."

Siku hizi, kwa sheria, kifo cha zamani kisichojulikana muuaji wake huamuliwa na mtunzi wa riwaya za upelelezi. Anayetajwa sura ya mwisho ndiye aliyeua, basi. Ukoo wake haualikwi tena kula kwa watu, si harusini, si matangani, hata futari hawapelekewi. Rufaa hakuna.

"Mtaje yule nyapara wa shamba la mkonge, shoga. Alikufa bila mtoto."

"Nyapara asiye na wa kumlilia, nani atamsoma?"

"Wanangu wamekukosea nini?"

"Na binti yangu Raya alikukosea nini? Ulipopita nyumba kwa nyumba ukisema ana kifafa, mpaka wachumba wakavunja posa, ushahidi ulikuwa nao?"

Bi Tabu akaipandisha kanga begani. Kule madirishani kila mmoja alikumbuka alivyousikia umbeya ule, na alivyoufikisha mbele.

Mwanakombo akainuka, akasogeza pazia la mlango.

"Kitabu kinatoka kesho," alisema kwa upole. "Leo sheria bado inaniruhusu kuwalisha. Waite na wanao, Tabu. Karibuni ndani, mle chakula."