Boti Haijapita

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeukalia mto, wala hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani.

"Haipiti," alisema mkaguzi wa boti.

Alisema hayo akiwa amelala kifudifudi sakafuni, tochi mkononi, kichwa kimefungwa kitambaa. Nahodha, mwenye boti, alisimama juu yake, akafumba macho na kuomba kimoyomoyo: Bwana, nipe subira, maana yangu imekwisha.

Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza mkaguzi aliukuta mtungi wa gesi chini ya kitanda. Nahodha akajitetea kwamba madirisha yake huwa wazi kutwa kucha. "Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa," mkaguzi akamjibu. "Haipandi dirishani. Inashuka, inatuama tumboni mwa boti, inangoja cheche moja." Mara ya pili, mpira wa kupeleka gesi jikoni ulikutwa na nyufa kama kisigino cha mkulima. Akanunua mwingine. Akaunda na kasha la mtungi kule nyuma, nje ya chumba, akalitoboa tundu kwa chini ili gesi ikivuja itoke. Akadhani amemaliza kazi.

"Sasa kuna nini tena?"

"Tundu lako. Njoo ulione."

Mkaguzi akamimina kikombe cha maji ndani ya kasha. Badala ya kutokea mtoni, maji yakaanza kudondoka humo humo ndani, chini ya mbao za sakafu. Walisikia kila tone.

"Umeitengenezea gesi mlango wa kuingilia," alisema mkaguzi.

Nahodha alihisi damu ikimchemka. Boti hii aliikuta gofu, akaifufua kwa mikono yake miaka miwili, jioni baada ya jioni. Safari yake ya kwanza ilikuwa leo: watu wawili, siku saba mtoni, chumba kimoja na jiko dogo. Bila cheti, walinzi wa gati wasingemruhusu kufungua kamba. Na saa nne kamili watu wangekuwa wamekaa wanamngoja. Sasa ilikuwa saa mbili na nusu.

Dada yake alikuwa amesimama gatini, ameshika koti la nahodha kwenye hanga. "Wee kaka, shati hilo! Jeupe hilo! Usinitie aibu mbele za watu!"

"Mwambie huyu!" Nahodha akanyoosha kidole. "Mwambie agonge mhuri, tuondoke."

"Mimi simo. Huyo hata ukimlilia, atakuuliza machozi yanavujia wapi."

Mkaguzi hakucheka. "Nikikupitisha hivi hivi, watu watasema nimekupendelea."

"Waseme! Ni watu wawili tu, watachemsha chai, basi! Tena ajali haina kinga."

"Hayo ni maneno ya wavivu. Watu wawili wamelala, gesi imejitandaza chini yao. Asubuhi mmoja anaamka, anawasha kiberiti. Nani atakwenda kuwaeleza wazazi wao?" Mkaguzi akatazama saa yake, akauma mdomo. "Unadhani mimi napenda kuchelewa? Baba yangu ananisubiri tangu alfajiri. Kamata drili."

Nahodha akaikamata. Aliliziba tundu bovu kwa bolti na mpira, akatoboa jingine chini ubavuni, linalotokea nje, juu ya usawa wa maji. Drili ikateleza, grisi ikamrukia kifuani. Dada yake akapiga yowe utadhani kachomwa kisu. Nahodha alitaka kutukana. Badala yake akaimba pambio, kwa hasira, kila neno akilipigilia kama msumari.

Mkaguzi akamimina maji tena. Safari hii yalitiririka moja kwa moja mtoni.

"Haya! Umeona? Andika!"

"Bado."

"Bado nini, wewe mwanamke?"

Mkaguzi alisogea kwenye kasha. Alifungua mtungi, akachovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka kiungio kimoja baada ya kingine, taratibu, hata nahodha akatamani kumpokonya. Kucha za mkaguzi zilikuwa zimepakwa rangi, na kwenye mbili rangi ilikwisha banduka kwa kazi. Alipofika pale mpira unapoungana na mtungi, povu moja likavimba, dogo kama jicho la kuku. Likapasuka. Likavimba jingine.

Nahodha alilitazama. Alifunga mtungi, akachukua spana, akakaza. Mkaguzi akafungua, akapaka tena. Wakangoja dakika tano nzima, wamechuchumaa bega kwa bega, hakuna aliyemtazama mwenzake. Sabuni ikatulia tuli.

"Imepita," alisema mkaguzi. Akagonga mhuri, akambandika cheti mkononi, akaruka gatini na kutimua mbio bila hata kuaga.

"Ona sasa anavyokimbia," nahodha alinung'unika. "Asubuhi yote hakuwa na haraka."

"Nyamaza, vaa koti," alisema dada yake.

Saa nne na robo nahodha alikuwa mbele ya kanisa, jasho linamtoka, koti amelifunga vifungo vyote, na dada yake anamfuta sikio kwa leso. Viti vilijaa mpaka mlangoni. Mchungaji alitazama saa yake, akafungua kitabu, akamuuliza bibi harusi swali lake. 

Mkaguzi akafunua shela, akamshika nahodha mkono, akasema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma: "Nakupokea uwe mume wangu, katika raha na katika shida, hadi kifo kitakapotutenganisha."