Mgongo wa Afande

"Aliyeita polisi ni wewe, Bibiane! Nani mwingine hapa ana mdomo kama wako?"

"Mimi? Mimi niite polisi kwa mlango wangu mwenyewe, Nuriat? Niko na wazimu?"

Emérence aliwapita majirani hao wawili bila hata salamu, mkoba wa dawa begani, jasho likimchuruzika. Ambulensi ilishindwa kuingia kwenye kichochoro kile cha Kisugu. Dereva alibaki nayo barabarani, maana ukiipa mgongo kidogo tu utaikuta haina vioo. Kwa hiyo muuguzi alikuwa peke yake. Yaani, peke yake na yule polisi.

Polisi alisimama katikati ya ua, pande la mtu, rungu mkononi, amelipa mgongo bafu la mabati.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Akaelekeza rungu nyuma yake bila kugeuka. "Humo. Ameangukia mlango, haufunguki."

"Na wewe umesimama tu?"

"Musawo, wewe muuguzi, hebu waulize. Huyo mama leo amekula?"

Emérence akamkodolea macho. "Mtu anakufa, nyinyi polisi mnawaza kula tu!"

Ua mzima ukacheka, kile kicheko cha woga. Polisi hakucheka.

Emérence alikuwa na kisa chake na watu wa sare. Juzi juzi tu, kwenye kizuizi, askari mmoja alimwamuru amshushe mama mwenye uchungu ili machela ikaguliwe, kana kwamba mtu anaweza kuzaa huku amelalia bunduki. Tangu siku hiyo, akiona kaki, nyongo inampanda.

Akausukuma mlango wa bafu. Ukafunguka kiasi cha kiganja, ukagoma. Kwenye ule upenyo aliona mkono wa mwanamke mzee, vidole vikirukaruka, akasikia mkoromo ambao si wa usingizi.

"Afande, njoo tusukume!"

"Siwezi kuja huko."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Haya. Namba yako kifuani nimeisoma. Mama huyu akifa, nitaitaja mbele ya mkubwa wako, nitaitaja na redioni!"

"Itaje," alisema polisi, taratibu.

Kisha yule mtu akalitupa rungu chini. Akazunguka nyuma ya bafu, macho ameyafumba, anapapasa mabati kama kipofu. Akashika ukingo wa bati, akavuta. Misumari ikalia. Akavuta tena, damu ikamtiririka viganjani, bati zima likang'oka. Papo hapo akaruka nyuma kana kwamba mle ndani kulikuwa na moto, kofia ameishusha usoni.

"Mtoeni! Nyinyi kina mama, mtoeni!"

"Amevaa gauni lake, hata kuoga hajaanza!" Emérence alifoka. "Njoo umshike miguu!"

Wapi! Ni Bibiane na Nuriat, matusi bado ya moto midomoni, walioingia wakambeba wakamlaza kwenye mkeka, mlangoni pa chumba chake. Emérence akamtoboa kidole. Mashine haikutoa hata namba, sukari ilikuwa imeshuka kiasi hicho. Akatafuta mshipa, ukamkwepa. Akatafuta tena, akaupata.

"Nani ananishikia dripu? Wewe mrefu, njoo!"

Polisi akaja. Lakini alikuja kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mkono wake wenye damu ukaifikia chupa. Akaiinua juu, uso ameuelekeza barabarani.

"Unamwonea kinyaa mama wa watu?"

Polisi akaiinua chupa juu zaidi.

"Mwache huyo," Nuriat alinong'ona, maana hata mtu akikata roho Nuriat hakosi la kunong'ona. "Huyu Mama Nabangala mwenyewe ni mgeni hapa, kahamia juzi. Binti yake ndiye humletea chakula, na leo sijamwona. Tena kuna dume huwa linamngoja binti kule barabarani. Hata siku moja halijaingia kutusalimia. Majivuno tu!"

"Sasa ambulensi aliita nani?" Bibiane aliuliza.

"Si wewe?"

"Mimi nilidhani ni wewe!"

"Si mmoja wenu," Emérence alisema, macho kwenye dripu. "Nilivyoambiwa, aliyepiga simu ni mwanamume, tena analia."

Matone yakashuka. Mkoromo ukakatika, na kwa kitambo kile kirefu hakuna aliyejua kama umekatika kwa heri au kwa shari.

Mama Nabangala akafumbua macho.

"Bafu," alisema kwa sauti ya mchanga. "Nani amelivunja bafu?"

Ua ukalipuka kwa vigelegele. Bibiane alimkumbatia Nuriat kabla hajakumbuka kwamba wamegombana.

"Ulijidunga sindano ya kushusha sukari bila kula, eti?" Emérence aliuliza, mkono kwenye mapigo ya moyo. "Sasa ule, mama. Sasa hivi, sio baadaye."

Nuriat alikwishatoka mbio. Akarudi na sinia la matoke na maharage, moshi unafuka, linatosha watu watano. Akaliweka ndani, katikati ya chumba.

"Na huyu polisi?" Emérence aliuliza, hasira bado haijamtoka. "Kukushika hataki, kukutazama hataki. Utafikiri umemkosea."

Mama Nabangala akaangalia juu, akautazama ule mgongo mpana uliosimama mlangoni, na ile damu iliyokauka kwenye vidole. Akautazama muda mrefu. Kisha akavuta leso yake, akajifunika kichwa na uso, akajigeuza polepole.

"Mwambieni mkwe wangu aingie ale," alisema. "Kwetu ni mwiko mkwe kutazamana na mama mkwe, lakini mimi nimeshageukia ukuta."