Picha ya Kwenye Kona

Kimweri, dereva wa mbio za magari, alizitazama picha alizopiga mkewe mbele ya mafundi, akacheka kwa dharau.

"Tunu, hili gari linashindana au limeegeshwa? Bora ungebaki nyumbani ukapiga picha masufuria."

Mafundi wakacheka naye. Aliyecheka zaidi ni Shebe, anayekaa pembeni ya Kimweri garini akimsomea ramani. Tunu akaichukua kamera yake. Ni kweli, kila gari lilipopita aliganda na kamera yake, na picha ikatoka imeganda vilevile.

Raundi ya pili alirudi kwenye kona, akatanua miguu. Gari la mumewe lilipotokea, alilifuata kwa kamera tangu mbali, kiuno kikigeuka nalo, kidole kikibofya bila mwili kusita.

Akaitazama picha. Miti na watazamaji walikuwa michirizi mitupu, magurudumu yakizunguka, na katikati, dirishani, uso wa Kimweri ulionekana wazi kabisa. Alikuwa amefumba macho. Picha iliyofuata, vilevile. Alifumba kona nzima.

Mbio zilipokwisha Kimweri alikuja na wenzake.

"Lete tucheke."

Akapewa kamera. Kicheko kikamkauka. "Futa hizi," akanong'ona.

"Kwa nini, mume wangu?" Tunu alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Leo si gari linakwenda?"

Shebe alikuwa ameshainama begani kwa Kimweri, akitazama. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua glavu zake, kidole kimoja kimoja, akamkabidhi Kimweri pamoja na ramani.